Kutunza mazingira nyumbani: anza na ndoo ya maganda

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimepanga, sina bustani, nitaanzia wapi? Maganda si yataleta panya? Mbona nilijaribu ikanuka mpaka nikamwaga yote? Kwani si lazima kwanza niwe na hela ya kununua sola? Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika mara moja, hatua kwa hatua, namna tunavyofanya nyumbani kwangu Dar es Salaam: nyumba ya kupanga, vyumba viwili, na uwanja mdogo wa nyuma tunaougawana na wapangaji wengine watatu.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usianze na mambo kumi kwa siku moja. Anza na taka mbichi za jikoni peke yake, uzimudu kwa mwezi mzima, ndipo uongeze kingine.

Kwa nini taka mbichi? Chukua mfuko wako wa taka wa leo uumwage juu ya gazeti uuangalie. Utaona maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai, maganda ya mayai na ya embe. Hayo ndiyo mazito, ndiyo yanayotoa yale maji meusi chini ya mfuko, ndiyo yanayonuka na kuita inzi. Ukiyaondoa, kinachobaki ni chupa, karatasi na vifungashio, vitu vikavu vinavyoweza kukaa wiki mbili pembeni bila kumkera mtu. Tena maganda hayo yakifika dampo, kama lile la Pugu Kinyamwezi, yakafunikwa na taka nyingine, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Yakioza kwenye ndoo yenye hewa, unapata mboji, mbolea ya kupandia mboga. Nadharia inatosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko. Zilizokuwa za mafuta ya kula ni bora kuliko za rangi. Moja itakuwa inajazwa wakati nyingine inaiva.
- Msumari wa inchi 4 na koleo la kuushikia.
- Vipande vinne vya tofali na sinia au beseni kuukuu la kuweka chini ya ndoo.
- Kopo dogo lenye mfuniko, la kukaa jikoni.
- Kiroba kilichojaa vitu vikavu: majani makavu yaliyofagiliwa uwanjani, maranda kutoka kwa fundi seremala, maboksi na trei za mayai zilizochanwachanwa.
- Vikombe viwili vya udongo mweusi kutoka chini ya mti wowote. Humo ndimo walimo wadudu wadogo wasioonekana watakaofanya kazi.
- Kiroba cha pili, kitupu, cha chupa na makopo.

Kuhusu maranda: muulize fundi kama mbao zake zimetiwa dawa. Zenye dawa usizichukue, maana mboji hii utaioteshea mboga za kula.

Kuna jambo moja si la kununua, nalo ndilo watu hulisahau. Zungumza na wote wanaotumia jiko lako na uwanja wako kabla ya kuleta ndoo. Sikufanya hivyo mara ya kwanza. Mpangaji mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akawa anamimina humo mabaki ya dagaa kila jioni, akidhani ananisaidia. Siku ya tano hakuna aliyeweza kupita nyuma ya nyumba. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia chochote.

Hatua za ndoo

1. Toboa ndoo. Shika msumari kwa koleo, uupashe kwenye moto mpaka uwe mwekundu, toboa matundu kama 15 chini ya ndoo na mistari miwili ya matundu ubavuni, pamoja na manne kwenye mfuniko. Fanya kazi hii nje, upepo ukupige mgongoni, maana moshi wa plastiki ni mbaya. Tundu lisizidi unene wa msumari. Likiwa kubwa, inzi na panya wataingia.

2. Ipandishe juu ya tofali, sinia liwe chini yake, mahali penye kivuli. Jua la mchana litakausha kila kitu. Mvua ikiingia, itaoza vibaya.

3. Weka tabaka la vitu vikavu chini, kimo cha upana wa kiganja, kisha unyunyizie kikombe kimoja cha udongo.

4. Jikoni, kusanya kwenye kopo kwa siku nzima. Yanayoingia ni maganda ya matunda, viazi, muhogo na vitunguu, mboga zilizonyauka, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa. Yasiyoingia ni nyama, samaki, mifupa, maziwa, mafuta, na chakula kilichopikwa, hata wali na ugali. Hivi vya pili ndivyo huita panya. Kokwa la embe litoe, litakaa mwaka mzima likiwa vile vile. Machicha ya nazi yana mafuta, kwa hiyo weka ngumi moja tu kwa siku na uyachanganye na maranda mengi. Kama jirani ana kuku, mpe yeye, kuku huyapenda.

5. Kila jioni, kabla ya kulala, katakata maganda makubwa, yamwage kwenye ndoo na uyafunike. Hapa ndipo penye siri yote: kwa kila kopo moja la maganda, weka makopo mawili ya vitu vikavu. Si moja, ni mawili. Maganda yasionekane kabisa. Ukiyaona, bado hujafunika.

6. Mara moja kwa wiki, vaa glavu au mfuko mkononi, uchukue konzi moja kutoka katikati na uikamue. Lidondoke tone moja au mawili. Maji yakichuruzika, imelowa mno, ongeza maranda. Isipotoa kitu na ikamomonyoka mkononi, nyunyiza maji kidogo.

7. Siku hiyo hiyo igeuze, ya chini ije juu, kwa mti au mwiko mkuukuu. Ndoo inayokwenda vizuri utaijua kwa mkono: katikati pana joto la uvuguvugu, ganda la ndizi limekuwa jeusi na laini kama karatasi iliyolowa, na nyuzinyuzi nyeupe za ukungu zimetambaa kwenye boksi. Ukungu huo usikutishe, uko kazini.

8. Ndoo ikijaa, iandike tarehe kwa mkaa ubavuni, iache, anza ya pili. Endelea kuigeuza ile ya kwanza kila wiki. Kwa joto la pwani huchukua miezi miwili hadi mitatu. Mbeya au Njombe subiri zaidi, kule baridi inachelewesha.

9. Imeiva ikiwa nyeusi, haina joto, huwezi kutambua ganda lipi lilikuwa la nini, na inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ipitishe kwenye chekeche. Mabonge yaliyobaki yarudishe kwenye ndoo mpya, yataisaidia kuanza haraka. Changanya sehemu moja ya mboji na sehemu mbili za udongo, jaza kiroba kilichotobolewa chini, upande mchicha au uchomeke vipando vya matembele. Mchicha utauvuna baada ya wiki tatu au nne. Usishangae nyanya na mipapai ikijiotea yenyewe, ni mbegu zilizoponea humo.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara: watu hufunga ndoo isiyo na tundu hata moja wakidhani wanazuia harufu, kumbe wanaitengeneza. Wengine huweka maganda tu, bila vitu vikavu, kwa sababu kiroba cha majani kimeisha. Kiroba kikikaribia kuisha, kijaze siku hiyo hiyo. Mimi ndoo yangu ya kwanza iliharibika kwa makosa hayo yote mawili, mbali na wale dagaa, na nilipoifungua baada ya wiki tatu nilikuta uji wa kijivu. Niliufukia shimoni nikaanza upya.

Ukishazoea ndoo, ongeza haya

Mwezi ukipita na ndoo haikusumbui tena, endelea. Namba zinaendelea pale pale.

10. Taka kavu. Chupa za maji zisuuze, zikamue hewa, zifunge na uziweke kwenye kile kiroba cha pili. Makopo na chupa za vioo vikae kando. Kikijaa, mwite kijana anayepita mtaani akinunua chupa kwa kilo. Usiombe pesa nyingi, lengo ni ziondoke zikiwa safi. Na tafadhali, usichome plastiki uwanjani. Najua gari la taka huchelewa na moto ni rahisi, lakini moshi ule huingia dirishani kwa mtoto wa jirani kabla haujafika popote.

11. Kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, lakini bado tunarudi kutoka gengeni na vijifuko vyepesi vitano: cha nyanya, cha hoho, cha pilipili, cha dagaa, cha karoti. Nenda na kikapu cha ukili pamoja na bakuli lenye mfuniko kwa ajili ya samaki au nyama, na useme kabla muuzaji hajanyoosha mkono: "Dada, niwekee humu humu." Ukichelewa sekunde mbili, kijifuko kimeshafunguliwa. Kikapu kining'inize mlangoni, si kabatini. Cha kabatini husahaulika.

12. Mkaa. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye hela yako na ndipo penye misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa sasa nyumba nyingi zinafanya kama yangu: gesi kwa chai na mboga, mkaa kwa maharage. Basi tuanze na hayo maharage.

Yachambue na kuyaloweka usiku. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, uyachemshe yatokote kwa nguvu dakika 30 nzima. Dakika hizo usizipunguze: maharage, hasa mekundu, yana sumu ambayo moto wa uvuguvugu hauiondoi. Kisha, sufuria ikiwa bado inatokota na mfuniko umekaza, itie ndani ya kapu kubwa ulilotandika blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa chini na pembeni, uifunike juu kwa mto. Iache saa tatu au nne bila kuchungulia. Ukifungua uone, umeachia joto lote. Baadaye irudishe motoni, ikaguliwe, iungwe nazi. Wali nao huiva humo: ukishatokota dakika tano, uingize kapuni kama saa nzima, na maji uyapunguze kidogo kuliko ulivyozoea, kwa kuwa hayakauki.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye kapu. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, kwani chakula kidogo hupoa haraka. Ukitoa chakula kikiwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kula. Na usikilaze humo usiku kucha.

Mkaa unaobaki baada ya kupika usiuache uteketee bure wala usiumwagie maji. Uhamishe kwa koleo kwenye debe lenye mfuniko wa kubana, ufunike. Utakosa hewa, utazima, na kesho unauwasha ukiwa mkavu. Debe hilo likae nje. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata siku moja, hata masika inapopiga usiku kucha: hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu huipata usingizini.

13. Maji. Maji ya kuoshea mchele na mboga hayana sabuni, yakinge kwenye beseni umwagilie viroba vyako. Bomba linalodondosha, badilisha mpira wa koki, ni kazi ya robo saa. Ukikinga maji ya mvua, acha ya mwanzo yapite yaoshe bati kwanza. Kila pipa na ndoo ya maji ifunikwe, na sinia la chini ya ndoo ya mboji limwagwe kila siku mbili. Mbu wa dengi, homa iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani mwetu.

14. Umeme. Taa moja ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifikishi hata uniti 1 na nusu. Pasi piga nguo za wiki kwa pamoja. Friji lijaribu kwa karatasi: ifungie mlangoni kisha uivute, ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka na unalipia baridi inayotoka nje.

Mambo yakienda kombo

Ndoo inanuka kama yai bovu. Imelowa na imekosa hewa. Imwage yote kwenye gunia lililotandazwa, changanya na maranda makavu mengi, zibua matundu ya chini kwa msumari, uirudishe. Baada ya siku mbili au tatu harufu itakwisha. Ikinuka kama mkojo, maganda yamezidi, ongeza majani makavu.

Kuna mabuu manene ya kijivu. Mengi ni ya nzi mweusi anayependa maganda, hayaumi, na hula haraka kuliko wewe unavyokata. Usipoyataka, funika vizuri zaidi kwa vitu vikavu, au wape kuku. Inzi wadogo wanaoruka ukifungua ni dalili ile ile: maganda yako wazi.

Sisimizi wamejaa. Imekauka. Nyunyiza maji, igeuze.

Panya wanakuja. Kuna aliyeweka chakula kilichopikwa au samaki. Kitafute ukitoe, weka jiwe juu ya mfuniko, na uzungumze tena na watu wa nyumbani, kwa upole.

Wiki nne zimepita na hakuna kinachobadilika. Vipande ni vikubwa, au umejaza maranda matupu. Kata vidogo, ongeza mboga mbichi na kikombe cha udongo, au konzi ya samadi ya kuku.

Mchicha umekuwa wa njano baada ya kuupandia mboji. Uliitumia mbichi. Iache wiki tatu zaidi kabla ya kupanda tena.

Wiki mbili ulisafiri. Kabla ya kuondoka, funika juu kwa maranda kimo cha kiganja, ukirudi igeuze. Haidhuriki.

Wenzako nyumbani wameacha kutenganisha. Mara nyingi kopo liko mbali. Liweke pale pale wanapomenyea, karibu na kibao cha kukatia, si chini ya sinki. Kwangu dada anayenisaidia alianza kulitumia siku nilipolihamisha, hakuhitaji hotuba.

Mwenye nyumba hataki. Usibishane naye kuhusu ndoo ambayo hajaiona ndani. Subiri ya kwanza iive, mfungulie ainuse. Wetu alikuja akiwa ameshika pua, akaiachia mwenyewe. Nilimpa fungu la mchicha wa kwenye kiroba, na alichoomba ni ndoo isogezwe mbali na dirisha lake. Tukaisogeza jioni ile ile.